Supamaketi tunazopelekea mali ni za nani hasa?

Swali limetoka kwa msomaji wa Kakamega, katibu wa kikundi cha akina mama 14 wanaosaga unga wa uji wa wimbi, mtama na soya. Supamaketi mbili zenye matawi mengi zimekubali kuuza unga wao: mali ya kama shilingi 40,000 kwa wiki, malipo baada ya siku 60. Kwenye mkutano wa kikundi mmoja alisema Naivas imeshauzwa kwa Wazungu. Mwingine akasema Carrefour ni ya serikali ya Ufaransa. Wa tatu akashikilia kwamba zote zina wenyewe wakubwa wasiojulikana, na zitaanguka kama Nakumatt. Anauliza: wenyewe ni akina nani, na hilo linawahusu nini wao, wanaotaka tu kulipwa pesa zao?

Dada, nianze na hiyo sehemu ya mwisho, maana ndiyo inayoipa uzito ile ya kwanza.

Mkipeleka mali ya shilingi 40,000 kila wiki na kusubiri siku 60, kufikia hundi ya kwanza supamaketi hizo mbili kwa pamoja zitakuwa zimeshika mali yenu ya takriban shilingi 340,000. Unga wa uji ukipendwa haukai rafuni miezi miwili. Unaisha kwa wiki moja au mbili, na mteja analipa papo hapo kwenye kaunta, taslimu au kwa M-Pesa. Basi kwa siku 45 hivi supamaketi inazungusha pesa zenu bila riba. Ndivyo biashara hii inavyoendeshwa, wala si hapa kwetu peke yake. Lakini ni vizuri kikundi kielewe kwamba siku mtakayosaini hamtakuwa wauzaji tu, mtakuwa wakopeshaji. Na anayekopesha, hata kwenye chama cha kijijini, huuliza kwanza: huyu ninayempa ni nani, ana nini, na akikwama nitamshika nani?

Sasa twende kwa wenyewe. Chukua risiti ya supamaketi yoyote uliyonayo kwenye mkoba, uisome pale juu. Mara nyingi utakuta majina mawili: la duka, lile lililoandikwa mlangoni, na la kampuni, lenye neno "Limited" mwishoni pamoja na namba ya PIN ya KRA, mamlaka ya kodi. La kwanza ni chapa tu. La pili ndilo litakalokuwa na deni lako. Zamani mtu akinunua maziwa Tuskys, kampuni iliyomuuzia ilikuwa Tusker Mattresses Limited. Nakumatt nayo ilizaliwa Nakuru Mattresses, na jina likafupishwa tu. Khetia's mnaowaona huko Magharibi, wenye makao Kitale, kampuni yao inaitwa Khetia Drapers. Magodoro, vitambaa, kisha vyakula: ukifuata majina haya ya zamani unaona jinsi biashara zilivyokua, kutoka duka moja la mtaani hadi jumba lenye ngazi za umeme. (Na sijui kama umewahi kuona ajabu hii: Nakumatt, Tuskys, Naivas na Quickmart zote zina mizizi katika eneo la Nakuru. Ule ukanda wa Rongai, Naivasha na Nakuru mjini umelea rejareja ya nchi nzima.)

Nyuma ya kampuni hiyo ya kwenye risiti ndipo wanapokaa wanahisa, na nyuma ya wanahisa mara nyingi kuna kampuni nyingine, na nyingine tena. Hapo ndipo mkutano wenu ulipochanganyikiwa, na siwalaumu.

Carrefour kwanza. Jina ni la Kifaransa na kampuni yenye jina hilo iko Ufaransa, lakini si ya serikali. Hisa zake zinauzwa katika soko la Paris. Na maduka ya Carrefour ya Nairobi si yake. Yanamilikiwa na kuendeshwa na Majid Al Futtaim, kampuni binafsi ya Dubai, iliyopata haki ya kutumia jina hilo katika eneo letu kubwa la dunia na kufungua duka lake la kwanza Dubai mwaka 1995. Kenya iliingia 2016, Karen, katika jengo la The Hub. Kampala ikafika Januari 2020, Oasis Mall, palepale palipokuwa na Nakumatt. Jina ni la kukodi, kwa hiyo linaweza kushushwa huku mwenye duka akibaki yuleyule. Jordan lilishushwa Novemba 2024: maduka ya Majid Al Futtaim yaliacha jina la Carrefour na kuanza kuitwa HyperMax. Msambazaji wa kule alibadilishiwa kibao juu ya mlango, mdaiwa wake hakubadilika.

Naivas ndiyo yenye simulizi ndefu zaidi, na inafaa kuijua kwa sababu inaonyesha jinsi umiliki unavyohama kidogo kidogo bila mteja kuona chochote. Ilianzishwa na marehemu Peter Mukuha Kago mwaka 1990, duka la kujihudumia pale Rongai ya Nakuru, kisha Naivasha, ambako jina lilitoka. Mzee alifariki 2010. Mwaka 2013 Massmart ya Afrika Kusini ilitaka kununua asilimia 51, lakini watoto wa marehemu walikuwa wakivutana mahakamani juu ya hisa, na mpango ukafa. Kwa miaka kadhaa ikabaki ya familia kabisa. Halafu 2020 familia ikauza asilimia 30 kwa kundi la wawekezaji: Amethis ya Paris, IFC ambayo ni tawi la Benki ya Dunia, DEG ya Ujerumani, na mfuko wa MCB wa Mauritius. Miaka miwili tu baadaye, 2022, sehemu hiyo ikahamia kwa kundi lingine linaloongozwa na IBL ya Mauritius, pamoja na Proparco ya Ufaransa na DEG tena, nalo likafikisha asilimia 40. Mwaka 2023 kundi hilo likaongeza hadi asilimia 51. Zilizobaki ziko mikononi mwa familia kupitia kampuni yao, Gakiwawa Family Investments.

Kwa hiyo aliyesema "imeuzwa kwa Wazungu" amegusa ukweli kwa ncha ya kidole. Mkono mkubwa ni wa IBL, kampuni ya nchi ya Kiafrika, ambayo hisa zake ziko katika soko la Mauritius na ambayo kwao inaendesha supamaketi za Winner's. Ni watu wanaojua kuuza sukari na sabuni. Na aliyesema mambo ya serikali ya Ufaransa hakukosea kabisa, ila alielekeza kidole kwenye duka lisilo lenyewe: Proparco ni ya shirika la maendeleo la serikali ya Ufaransa, kwa hiyo pesa za umma za Wafaransa zimo kweli katika supamaketi za Kenya, lakini zimo Naivas.

Quickmart ilianzia Nakuru 2006. Adenia, kampuni ya mitaji yenye makao Mauritius, ilinunua sehemu kubwa ya supamaketi za Tumaini 2018, kisha ya Quickmart, na mwaka 2019 ikaziunganisha mbili hizo zikawa kitu kimoja kwa jina la Quickmart. Kampuni ya mitaji ni mwenyewe wa aina yake. Inakusanya pesa za watu na mashirika, inanunua, inakuza, na kwa kawaida baada ya miaka mitano hadi minane inauza ili iwarudishie wenye pesa zao. Sioni ubaya hapo, tena mara nyingi vitabu vya hesabu hunyooka wanapoingia. Ila ukifanya kazi na duka la namna hiyo ujue kwamba kuuzwa kwake tena kumo katika mpango tangu siku ya kwanza.

Chandarana, iliyoanza 1964 na leo inajiita Foodplus, ni ya familia. Khetia's ni ya familia. Cleanshelf ya Limuru, Magunas na nyingine nyingi za mikoani ni za familia. Hizi ndizo zitakazowapa akina mama rafu kwa urahisi zaidi, na mara nyingine unaweza kumwona mwenyewe amesimama dukani akikagua nyanya. Hilo lina faida yake. Ukiwa na shida ya malipo unajua mlango wa kubisha.

Sasa Nakumatt, kwa sababu ndiyo hofu iliyokaa vifuani mwenu. Ilikuwa ya familia ya Shah, na wakati wa fahari yake ilikuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ilikopa benki, ilikopa kwa kuuza hati za muda mfupi kwa wawekezaji, na zaidi ya yote ilikopa kwa wasambazaji, kwa njia ile ile niliyokueleza hapo juu: ikachelewesha malipo na kutumia pesa hizo kufungua matawi. Kufungua tawi ni gharama kubwa, na tawi jipya huchukua muda kujilipa. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi kwa amri ya mahakama, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Madeni yalikuwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Maduka sita ya mwisho yalinunuliwa na Naivas kwa shilingi milioni 422. Weka tarakimu hizo mbili kando kwa kando, bilioni 30 na milioni 422, na utaona kwa nini wasambazaji wengi hawakupata kitu. Zile rafu, friji na jina kubwa lililojulikana hadi Kigali havikuwa na thamani ambayo watu walidhani vinayo. Majengo yalikuwa ya kupanga. Mali iliyokuwa rafuni ilikuwa ya wasambazaji ambao hawajalipwa.

Na foleni ya wadai haina huruma. Kampuni ikifilisiwa, benki yenye dhamana inachukua kilichowekwa dhamana. Gharama za mfilisi, mishahara ya wafanyakazi kwa kiwango cha sheria, na kodi vina nafasi yao mbele. Msambazaji asiye na dhamana yuko mkiani na ankara zake. Mwenyewe wa kampuni hadaiwi nyumba yake wala gari lake, kwa sababu kampuni ni mtu kivyake mbele ya sheria, labda awe ametia sahihi ya udhamini binafsi au athibitike kufanya ulaghai. Ndiyo maana huwa nawasihi watu wasiridhike na "mwenyewe ni tajiri". Utajiri wake uko kwingine, deni lako liko ndani ya kampuni.

Niliwahi kushika hesabu za kiwanda kidogo cha viungo vya pilau na chai kilichokuwa kikipeleka mali kwenye supamaketi moja yenye matawi mengi. Sitaitaja. Malipo yalikuwa siku 45, yakawa 60, yakawa 90. Kila Alhamisi nilikuwa naenda ofisini kwao na faili, nakaa kwenye benchi pamoja na wauza mayai na wauza mikate, tukisubiri mtu wa hesabu aliyekuwa "kwenye mkutano". Siku moja nikaamua kuingia dukani kabla ya kupanda ofisini. Rafu ya viungo ilikuwa imejaa karatasi za chooni. Pakiti zimepangwa mstari mmoja tu mbele, zimegeuzwa zionekane vizuri, na nilipoingiza mkono nyuma yake sikugusa kitu hadi ubao wa ukuta. Rafu ya mafuta ya kupikia ilikuwa na maji ya chupa, kwa mtindo ule ule. Viwanda vikubwa vilikuwa vimeshaacha kuleta mali kimyakimya, maana wao wana watu wa kufuatilia madeni kila siku, na waliobaki kupeleka ni sisi wadogo tuliokuwa tunaogopa kupoteza nafasi. Nilimpigia simu mwenye kiwanda nikiwa bado nimesimama pale. Tulisimamisha magari siku hiyo, lakini tulikuwa tumechelewa kwa miezi minne, na miezi minne ile hatukulipwa hadi leo.

Tangu hapo kila ninapoingia supamaketi nainamisha shingo kuangalia nyuma ya mstari wa kwanza.

Supamaketi ya Uchumi ina funzo tofauti kidogo. Yenyewe ilianzishwa 1975 na mashirika matatu ya serikali, na 1992 ikaingia soko la hisa la Nairobi, hivyo mwananchi yeyote aliweza kuwa mwenyewe wake na kusoma hesabu zake kila mwaka. Bado ilifungwa Juni 2006, ikafufuliwa, ikarudi soko la hisa 2011, na Oktoba 2015 ikafunga maduka yake yote ya Uganda na Tanzania. Serikali ilimwaga pesa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo umma kuwa mwenyewe, au hata serikali, si kinga. Nayo Tuskys ya familia ya marehemu Joram Kamau ilikuwa na ndugu waliogombana mahakamani miaka na miaka, na ilipofika 2020 na 2021 matawi yakafungwa moja baada ya jingine huku wasambazaji na wenye majengo wakidai. Ugomvi wa ndugu wenyewe hauui duka. Unachoua ni uwezo wa kuleta mtaji mpya: hakuna mwekezaji anayeweka pesa mahali ambapo hajui nani ana haki ya kumuuzia hisa. Linganisha na Naivas, ambako mauzo ya 2013 yalikwama kwa ugomvi wa aina hiyo hiyo, na yakawezekana 2020.

Wageni nao hawakuwa imara kuliko sisi. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka Tanzania 2014 na kuiachia Nakumatt maduka yake matatu. Fikiria msambazaji wa Dar es Salaam aliyeona kibao kikibadilishwa pale Mlimani City, akafurahi kwamba sasa wamekuja jirani zetu, na miaka michache baadaye jirani naye akaondoka na madeni. Kenya Shoprite ilifungua 2018 na ikatangaza kuondoka 2020. Uganda iliondoka 2021, na Carrefour ikaingia katika maduka yake. Choppies ya Botswana ilinunua supamaketi za Ukwala 2016, nayo haikumaliza miaka mitano. Game, ya Massmart, ambayo mwenyewe wake mkubwa tangu 2011 ni Walmart ya Marekani, moja ya kampuni kubwa kabisa za rejareja duniani, ilishindwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Lakini kuna tofauti moja unayopaswa kuiona hapa: kampuni kubwa ya nje ikiondoka kwa hiari, mara nyingi hufunga kwa utaratibu na kulipa, kwa sababu ina jina la kulinda kwingine. Anayeanguka akiwa ameshikilia biashara yake pekee hana cha kulinda.

Kwa hiyo, ukiniuliza mwenyewe wa aina gani anamfaa msambazaji mdogo, nitakwambia sitazami uraia wake. Natazama kama pesa zilizofungua matawi mapya ni zake au ni zangu. Hilo ndilo lililozitenganisha zilizokufa na zilizo hai. Naivas na Quickmart zilipanuka baada ya mtaji wa hisa kuingia, pesa ambazo haziulizwi kila mwisho wa mwezi. Nakumatt na Tuskys zilipanuka kwa madeni, na sehemu kubwa ya madeni hayo ilikuwa ya watu kama ninyi.

Lakini mwenye mtaji mkubwa ana tatizo lake jingine, nalo ni ubabe. Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilitoa uamuzi dhidi ya Majid Al Futtaim, waendeshaji wa Carrefour, baada ya malalamiko ya Orchards, kampuni ndogo ya yogati. Yaliyolalamikiwa ni mambo mtakayokutana nayo pia: makato ya asilimia kadhaa ya mauzo, bidhaa za bure tawi jipya likifunguliwa, na msambazaji kuleta wafanyakazi wake kupanga rafu. Baraza la rufaa likaunga mkono uamuzi huo 2021. Desemba 2023 mamlaka ikaitoza kampuni hiyo hiyo faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 kwa malalamiko ya Woodlands, wauza asali, na Pwani Oil. Ona kwamba Woodlands na Orchards ni watu wadogo. Walilalamika, wakasikilizwa. Sheria ya ushindani ilivyorekebishwa inataja waziwazi kuchelewesha malipo kinyume na makubaliano kuwa ni matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi. Maneno ya kushika ni "kinyume na makubaliano". Kama siku 60 hazikuandikwa popote, hamna cha kuonyesha.

Namna ya kuchunguza wenyewe, sasa. Chukueni jina la kampuni kutoka kwenye ile rasimu ya mkataba au LPO (hati ya kuagiza mali), si jina la mlangoni. Ingieni eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za usajili wa biashara, muombe CR12 ya kampuni hiyo, yaani hati ya msajili wa kampuni, kwa ada ndogo. Itawaonyesha wakurugenzi, wanahisa na idadi ya hisa zao, na dhamana za benki zilizoandikwa humo. Sehemu hiyo ya dhamana someni mara mbili, maana ndiyo inayowaambia nani yuko mbele yenu kwenye foleni. Mkikuta mwanahisa ni kampuni nyingine ya Kenya, ombeni CR12 ya hiyo pia. Mkikuta ni kampuni ya Mauritius au Dubai, CR12 haitawapeleka mbali zaidi, na daftari la wanufaika halisi, lile linaloandika kila mwenye asilimia 10 na kuendelea, haliko wazi kwa kila mtu. Hapo tumieni njia nyingine ambayo wengi hawaijui: kampuni kubwa ikinunuliwa, lazima iombe kibali cha Mamlaka ya Ushindani, na ikivuka mipaka, cha tume ya ushindani ya COMESA, jumuiya ya kibiashara ya nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, iliyoko Lilongwe. Vibali hivyo hutangazwa, na ndani yake huelezwa nani ananunua, nani anauza, na nani yuko nyuma ya mnunuzi. Hizo asilimia za Naivas nilizokuandikia hazikuwa siri. Tanzania daftari la kampuni liko BRELA, Uganda liko URSB, kama siku moja unga wenu utavuka Busia. Na yule wa tatu anayesema wenyewe hawajulikani, mpeni kazi hiyo ya CR12 aisome mbele ya kikundi.

Makaratasi yakishasomwa, tembeleeni duka. Nendeni siku ya katikati ya mwezi, si mwisho wa mwezi ambapo kila mtu amejaza. Angalieni chapa kubwa za unga, mafuta na sabuni kama zipo zote. Zikianza kukosekana, wakubwa wameshajua jambo. Zungukeni nyuma, kwenye mlango wa kupokea mizigo, muwasalimie wanaoleta mikate na maziwa. Hawa hulipwa kwa muda mfupi kuliko wote, kwa hiyo wao ndio wa kwanza kuumia. Waulize tu, "hapa malipo yako aje?" Jibu la mtu wa mikate ni la leo, hesabu zilizokaguliwa ni za mwaka jana.

Je, msaini? Ningekuwa katibu wenu ningesaini na zote mbili, maana kumtegemea mnunuzi mmoja ni hatari kuliko hatari zote nilizozitaja. Lakini ningeomba siku 30 badala ya 60. Watakataa mwanzoni, ombeni tena, na mkatae kuvuka 45 kwa miezi sita ya kwanza. Ningeanza na matawi mawili au matatu ya karibu, Kakamega na Kisumu, badala ya kushangilia kupewa matawi 20 kwa mpigo na kwenda kukopa mtama na wimbi wa kuyajaza. Ningeweka kiwango kwenye kumbukumbu za kikundi: deni la supamaketi moja likifika shilingi 200,000 bila kulipwa, gari haliondoki, na asiruhusiwe mwenyekiti wala mimi katibu kubadilisha hilo kwa simu. Ningetaka mkataba useme mali ni yenu hadi ilipwe. Kifungu hicho hakitawaokoa kabisa, kwa sababu unga ukishauzwa haurudi, lakini kile kitakachokutwa rafuni siku ya kufuli mtakuwa na haki ya kukidai.

Na kila mnapopeleka mali, anayeshusha asiondoke bila nakala ya hati ya kupokelea yenye mambo manne: jina kamili la kampuni kama lilivyo kwenye mkataba, tarehe, idadi ya pakiti zilizopokelewa kweli, na sahihi ya mpokeaji juu ya muhuri unaosomeka. Juu ya muhuri, si pembeni yake. Nimeona madai ya haki kabisa yakikataliwa kwa msimamizi wa ufilisi kwa sababu muhuri ulikuwa wa tawi na jina la chapa tu, bila jina la kampuni, na mtu wa hesabu akasema kwa upole kwamba hawezi kujua mzigo huo uliingia kwa kampuni ipi.